Mchezo wa kuigiza huanzia kwa wahusika

Mchezo mzuri wa kuigiza huanzia kwa watu, si kwa matukio. Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia Julai 1993, ulikuwa na makundi matatu ya wahusika: wa kuigwa, wasiofaa kuigwa, na wanaoyumba katikati. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, alipata UKIMWI. Mkewe Tunu aliyumba kwanza, kisha akamwacha na kuanzisha biashara yake.

Kwetu Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kilwa Masoko, ambako malori husimama, kisa hicho si cha mbali.

Kanuni hiyo inafaa pia michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Humo mwongozaji huandaa wahusika na hali; wachezaji huamua wafanye nini.

Ukiwa mwongozaji, jiulize kuhusu kila mhusika: anataka nini, anaogopa nini, nani anamzuia? Kisha andaa hali inayowalazimu wachezaji kuchagua. Mwisho usiupange, hiyo ni kazi yao.