Utiririkaji bila mnato katika gesi za Fermi zenye spini zisizolingana

Utiririkaji bila mnato katika gesi za Fermi zenye spini zisizolingana ni hali ya gesi baridi mno ambamo atomu hutiririka bila msuguano ingawa atomu za spini moja ni nyingi kuliko za spini nyingine. Atomu hizi, ambazo ni fermioni, hutiririka hivyo zikiungana jozi za spini tofauti. Atomu ya ziada hukosa mwenzi, na hapo ndipo penye ugumu.

Mwaka 1962 A. M. Clogston na B. S. Chandrasekhar walionyesha, kwa metali zinazopitisha umeme bila ukinzani, kwamba tofauti ya idadi kati ya spini mbili ikipita kiwango fulani jozi huvunjika. Mwaka 2006 kundi la Wolfgang Ketterle wa MIT, Marekani, lilichapisha majaribio ya lithi-6 iliyopozwa hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini. Wingu la atomu lilikorogwa kwa miale ya leza, na vizingia vidogo vikajipanga kwa mpangilio, ushahidi wa wazi kabisa wa utiririkaji huo. Vilitoweka pale ziada ilipokaribia asilimia 70 ya atomu zote. Kundi la Randall Hulet, Chuo Kikuu cha Rice, liliona jozi zikibaki kitovuni na atomu za ziada zikisukumwa pembeni. Hali ya FFLO, iliyotabiriwa 1964, ambamo jozi huwa na mwendo zenyewe, inaendelea kutafutwa.