Maji ya kisima: Jinsi ya kupima usalama wake

Maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni salama. Mwezi Mei mwaka 2000 maafisa wa afya waliouliza kuhusu maji ya visima vya Walkerton, mji mdogo katika jimbo la Ontario nchini Kanada, walijibiwa kuwa hayana kasoro. Watu 7 walifariki dunia na zaidi ya 2,300 wakaugua, katika mji wenye wakazi wapatao 4,800.

Nini kilitokea Walkerton?

Mvua kubwa zilizonyesha kati ya tarehe 8 na 12 Mei zilisomba bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe ya shamba la jirani hadi katika kisima kifupi cha mji. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor haukumlaumu mkulima. Ulibaini kuwa wahudumu wa maji walikuwa, kwa miaka mingi, wakiandika daftarini viwango vya klorini ambavyo hawakuvipima.

Tarehe 17 Mei maabara ilimwarifu meneja wa maji wa mji kwamba sampuli zina vijidudu vya kinyesi. Yeye hakuwaambia maafisa wa afya, na sheria ya wakati huo haikuilazimisha maabara kuwaarifu. Ilipofika tarehe 21 maafisa hao, bila kuyapata majibu hayo, waliamua wenyewe kuwataka wakazi wachemshe maji. Wengi walikuwa wamekwisha kunywa.

Kukagua kisima

Kazi huanza kwa macho. Je, sakafu ya kisima ina ufa? Maji yanayomwagika hurudi ndani? Choo cha shimo au zizi liko umbali gani? Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada, unataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Kutafuta vijidudu

Vijidudu vya maradhi ni vingi mno kutafutwa kimoja kimoja. Maabara hutafuta bakteria aina ya E. coli, ambao huishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakionekana, ni dalili kwamba kinyesi kimefika majini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, hawapaswi kuonekana kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Maji huchujwa kwa utando mwembamba, utando huo ukawekwa juu ya chakula cha bakteria katika joto la nyuzi 44 kwa muda wa saa 24 hivi. Kisha madoa yaliyoota huhesabiwa.

Sampuli mbovu huharibu yote. Mdomo wa bomba husafishwa kwa spiriti au moto, na maji huachwa yatiririke dakika moja au mbili. Chupa iwe imetakaswa, na vidole visiguse ndani ya kifuniko. Maji yakiwa na klorini, chupa hutiwa sodiamu thaiosalfeti kidogo ili kuizima. La sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani, na majibu yatadanganya. Chupa husafirishwa katika sanduku la barafu na, ikiwezekana, hufika maabara katika muda wa saa 6, bila kuzidi saa 24.

Klorini

Wakati majibu ya bakteria huchukua siku nzima, klorini hupimwa kwa dakika chache tu: kidonge cha kupimia huyageuza maji kuwa ya waridi, na rangi hiyo ikalinganishwa na kielelezo. WHO inashauri ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na isipungue 0.2 mahali watu wanapoteka. Ikishuka ghafla, huenda kuna uchafu unaoimaliza.

Sumu zisizo na uhai

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, Tanzania, floridi nyingi hutia meno rangi ya kahawia na huweza kupinda mifupa ya watoto. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana kwa urahisi.

Bangladesh nayo ilichimba visima vingi tangu miaka ya 1970 ili watu waepuke vijidudu vya madimbwi na mito. Arseniki haikupimwa, hadi ilipogunduliwa mwaka 1993, mamilioni ya watu wakiwa tayari wameinywa. Baadaye pampu zenye sumu zilipakwa rangi nyekundu, na zilizo salama kijani. Hata asiyejua kusoma aliyaelewa majibu hayo.

Baada ya majibu

Kipimo kimoja huonyesha hali ya siku moja tu. Vijidudu hupimwa tena baada ya mvua kubwa, mafuriko au ukarabati wa pampu, na madini hupimwa kabla kisima hakijafunguliwa, kisha kwa vipindi. Kamati ya maji inashauriwa kutoacha majibu mikononi mwa mtu mmoja: nakala iende kwa afisa wa afya, na nyingine ibandikwe pale kisimani, ili anayeteka maji ajue anachokipeleka nyumbani.