Nirudi Ulingoni? Yanayofaa Kujulikana Baada ya Kuumia

Mpwa wangu alipigwa akaanguka usiku wa Jumamosi. Jumatatu baada ya alasiri alikuwa keshafika kwangu Kibokoni, ameketi barazani na kikombe cha kahawa asichokinywa, akaniuliza, "Mjomba, nirudi lini?" Hakuuliza kama arudi. Ana miaka 21, anacheza ndondi na pia ule mchezo wa ngumi na mateke, na wiki tatu mbele yake kulikuwa na mchujo wa timu alioungoja mwaka mzima. Mamake, dada yangu, alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu akidhani hatumwoni.

Swali hili huulizwa sana na vijana wa hapa Mji wa Kale, wa Bondeni, Majengo na Tudor, kwa kuwa wanajua nilipigana zamani. Nimeona heri niliandike mara moja. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza ni kanuni za mchezo wenyewe, ni yale ambayo madaktari wa michezo wamekubaliana, na ni yaliyonipata.

Yaliyonipata ni haya. Pambano lilikuwa Tononoka. Raundi ya pili nilipigwa ngumi ya pembeni, ikanipata taya, lakini sikuanguka. Nilimaliza raundi ya tatu, nikashindwa kwa pointi, nikampa mwenzangu mkono, nikarudi nyumbani kwa miguu. Yote hayo nimehadithiwa. Mimi nakumbuka kengele ya raundi ya pili, kisha nakumbuka mamangu akiniuliza mbona nimelala na viatu.

Siku ya kumi na mbili kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Nikajiona mzima, nikarudi mazoezini. Kijana mwepesi kuliko mimi akanigusa kwa ngumi ya kunyoosha, ambayo siku nyingine nisingeihesabu, na magoti yakaniachia. Nikatapika kando ya ulingo. Kwa karibu miezi mitatu nilikuwa mtu mwingine. Jua la saa sita pale Ndia Kuu lilinichoma macho, kelele za watoto zilinitia hasira nisiyoijua, na ofisini, ambako kazi yangu ilikuwa kujaza hati za makontena, nilikuwa nikiandika nambari ya kontena moja kwenye hati ya jingine. Mkubwa wangu alinivumilia mara mbili. Mara ya tatu hakunivumilia, na simlaumu.

Kosa langu lilikuwa kuuuliza mwili swali ambalo mwili haujui jibu lake. Ubongo ni laini, umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na maji. Ngumi inapokizungusha kichwa ghafla, ubongo hutikisika na kujipinda, na seli zake huvurugika katika kazi yake. Huhitaji kuzimia, wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Kofia ya kinga husaidia ngozi isichanike, lakini ubongo ndani yake hutikisika vilevile. Ndondi za ridhaa za kimataifa ziliwavua wanaume watu wazima kofia hizo mwaka 2013, na hoja hiyo ilikuwa mojawapo. Baada ya pigo, ubongo huhitaji nguvu nyingi kujirekebisha wakati ambapo uwezo wake wa kuipata umepungua. Pigo dogo likija wakati huo hufanya kazi ya pigo kubwa. Mara chache, na hasa kwa vijana, ubongo huvimba kwa kasi na mtu akafa kwa ngumi ambayo haikustahili hata kuhesabiwa.

Kwa hiyo saa za mwanzo ni za kuangaliwa, si za kupangia marudio. Aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake usiku ule. Maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, akitapika tena na tena, akiwa mzito wa kuamka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyenzake, mkono au mguu ukiregea, akipata kifafa, au majimaji meupe yakimtoka puani au masikioni, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali kubwa yenye kipimo cha picha ya kichwa, saa ileile. Mpwa wangu alipelekwa usiku huo, akapigwa picha, ikatoka safi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. "Picha iko safi, Mjomba," aliniambia, kama mtu aliyeshinda kesi. Picha ile inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani humo. Picha safi maana yake ni kwamba hahitaji kupasuliwa leo, basi.

Nikamwomba simu yake. Rafiki zake walikuwa wamerekodi pambano, kama ilivyo desturi ya siku hizi, tukaitazama pamoja. Alianguka kama gunia. Tulihesabu sekunde kumi na nne kabla hajafungua macho. Nilihesabu kwa sababu kanuni za kitabibu za ndondi za ridhaa za kimataifa huhesabu hivyo. Pambano likisimamishwa kwa mapigo ya kichwa na mchezaji hakuzimia, anakaa nje siku 30 kwa uchache. Akizimia chini ya dakika moja, siku 90. Akizimia zaidi ya dakika moja, siku 180. Yakirudia ndani ya miezi michache, muda huongezwa, na anayeangushwa mara tatu katika miezi 12 hukaa nje mwaka mzima. Katika siku hizo hapigani hata mazoezini, na zikiisha harudi mpaka daktari amkague.

Sekunde kumi na nne ni siku 90. Mchujo ulikuwa umekwenda.

Alinyamaza, kisha akasema maneno ambayo nilijua yanakuja: "Lakini mchujo si wa ndondi, Mjomba. Ni wa ule mchezo mwingine. Kule hawajui."

Alisema kweli. Kule hawakujua, na hili ndilo tundu kubwa katika kisiwa chetu hiki. Kijana mmoja anacheza ndondi Jumatatu, karate Jumatano na ngumi na mateke Ijumaa jioni. Katika ndondi ana kitabu chake, na akiangushwa daktari wa ulingoni huandika humo. Kitabu hicho hakimfuati kwenye klabu ya pili. Kila kocha anahesabu mapigo aliyoyaona yeye, na hakuna anayejumlisha. Wanaoweza kujumlisha ni wawili tu: mchezaji mwenyewe, ambaye hataki, na watu wa nyumbani kwake, ambao hawajaambiwa. Nikamwambia mamake aje aketi.

Mbele ya wote wawili nikamtajia Robert Wangila. Huyu ndiye Mkenya pekee aliyewahi kuleta dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, Seoul mwaka 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali. Kila kijana anayevaa glavu nchini humu amelisikia jina hilo. Lakini wengi huishia Seoul. Julai 22, 1994, huko Las Vegas, Wangila alipigana na David Gonzalez, na katika raundi ya 9 refa Joe Cortez akalisimamisha pambano. Wangila alilalamika, aliona bado anaweza. Kisha, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Julai 24 alifariki, naye ana miaka 26. Sisemi kwamba kisa chake ni sawa na cha mpwa wangu. Nasema kwamba bingwa wa Olimpiki, aliyeujua mwili wake kuliko sisi tunavyoijua nyumba yetu, alisimama kwa miguu yake akaapa kwamba yu mzima.

Kurudi kwenyewe kuna ngazi, na madaktari waliokutana Amsterdam mwaka 2022 kuhusu jambo hili wamezipanga wazi. Siku moja au mbili za mwanzo ni za mapumziko, simu na skrini zikiwa kidogo. Kulala gizani wiki nzima, kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani, hakusaidii. Kisha kutembea na shughuli nyepesi, kisha kukimbia polepole, kisha kufanya mienendo ya mchezo peke yako bila kupigwa. Kila ngazi ipewe siku nzima au zaidi. Dalili zikizidi, unasimama, kesho unarudi ngazi ya chini. Masomo na kazi hutangulia: asiyeweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kugonga hana habari na glavu. Mazoezi mazito hata yale yasiyo na mapigo hungoja dalili ziishe na daktari aridhike, na kupigana na mtu huja mwisho kabisa. Wengi hupona ndani ya wiki 2 hadi 4. Siku 90 za kanuni zinabaki palepale hata ukipona ya 20. Na wakati huo ukiangukia Ramadhani, kukimbia na kiu saa kumi alasiri kutakupa maumivu ya kichwa ambayo hutajua ni ya funga au ya pigo. Afadhali baada ya tarawehe, umekwisha kunywa maji.

Mifupa na viungo vina hesabu nyingine, nami nitavipitia upesi kwa sababu vyenyewe husema vinapouma. Sisi wa pwani tuna wakandaji wetu, na sina neno nao kwa msuli uliokaza. Lakini bega lililochomoka lisivutwe barazani kabla ya picha, maana huenda kuna mfupa uliovunjika pamoja nalo, na bega la kijana likishachomoka mara moja lina tabia ya kuchomoka tena. Hapo daktari wa mifupa ndiye wa kuamua kama lifungwe kwa upasuaji. Goti lililokatika ule mshipa wa katikati halirudi kwenye mateke kabla ya miezi 9, na hata hapo mguu ule upimwe nguvu dhidi ya mwenzake. Mkono uliovunjika kifundoni mwa kidole cha mwisho, ugonjwa wa wapiga ngumi, huunga kwa wiki kadhaa, na wengi huuvunja tena kwa kurudi kwenye gunia mapema. Ukiona vimulimuli au kivuli kama pazia kwenye jicho baada ya kupigwa, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Usichome sindano ya maumivu ili upigane. Maumivu ndiyo taarifa pekee uliyo nayo.

Dada yangu aliuliza la dini, na wazazi wengi hapa huliuliza. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, Makka, katika kikao chake cha mwaka 1987, liliharamisha ndondi kwa sababu ya madhara yake, na hadithi ya kujiepusha na kupiga uso inajulikana na kila mtoto wa chuoni. Mieleka ina njia nyingine, kwa kuwa Mtume mwenyewe amepokewa kuwa alishindana na Rukana. Ndugu zetu Unguja walikaa bila ndondi tangu 1964 mpaka ulingo ulipowekwa tena Agosti 2023. Mimi nilipigana, kwa hiyo siwezi kujifanya mufti. Mwenye shaka amwendee sheikh wake. Niliongeza tu kwamba kijana anayependa mapambano anaweza kuuhifadhi moyo wake wa ushindani katika judo au mieleka, ambako lengo si kichwa cha mwenzio, ingawa nako watu huanguka vibaya.

Bado kuna swali gumu zaidi, la kutorudi kabisa. Kwangu mimi alama zilikuwa mbili, na daktari aliyeniona hatimaye alizitaja hizohizo: pigo lililoniangusha mara ya pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza, na kupona kulichukua muda mrefu zaidi. Mambo hayo mawili yakienda kinyume namna hiyo, ngumi inapungua na ugonjwa unazidi, mlango umefungwa. Niliuliza kama naweza kungoja mwaka kisha nijaribu. Akaniuliza nitajaribu kwa kichwa cha nani. Nilikasirika nikaondoka, na glavu nikazitundika msumarini miezi sita zaidi nikijidanganya, mpaka mjukuu wa jirani alipoziomba.

Asiamue kocha mwenye mchujo wiki ijayo. Asiamue mwenye tiketi za kuuza. Wala asiamue mchezaji peke yake. Aamue daktari asiyepata kitu pambano likifanyika, na video aoneshwe, maana mchezaji hakumbuki na rafiki zake hupunguza sekunde. Nenda na mtu wa nyumbani. Atasema kwamba umekuwa mkali kwa wadogo zako, jambo ambalo wewe hutalisema.

Mpwa wangu hakukubali siku ile. Aliondoka bila kuniaga vizuri, na kwa siku nne hakupita mtaani kwetu. Siku ya tano alimpigia simu kocha wa ule mchezo mwingine mwenyewe akamweleza. Mchujo umepita, na kijana aliyechukua nafasi yake ni rafiki yake wa Majengo. Hilo linamuuma kuliko taya.

Leo ni siku ya 41. Asubuhi alikimbia kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina na kurudi, akanywa maji ya dafu, akaniambia kichwa kiko sawa. Nikamwambia bado 49. Glavu mamake ameziweka ndani ya sanduku lake la leso, na ufunguo ameufunga kwenye pembe ya leso aliyoivaa.