Kingamwili na Uozo wa Pete wa Viazi: Usahihi wa Kipimo katika Historia

Uozo wa pete wa viazi ulielezwa kitaalamu nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ugumu wake haukuwa katika viazi vilivyooza, bali katika vile vilivyoonekana vizima, kwani bakteria Clavibacter sepedonicus huweza kujificha katika mishipa ya kiazi cha mbegu kwa vizazi kadhaa bila dalili. Kwa muda mrefu wakaguzi walitegemea macho na rangi ya Gram, ambayo huonyesha aina ya ukuta wa seli lakini haitambulishi bakteria mwenyewe.

Kingamwili za awali, zilizotokana na damu ya sungura, zilimnasa bakteria huyo pamoja na wengine wasio na madhara waishio udongoni. Kosa hilo halikuwa dogo: jibu chanya lingeweza kumnyima mkulima soko la mbegu yake yote. Mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, ilifungua njia. Mwaka 1984 De Boer na Wieczorek, nchini Kanada, walichapisha kingamwili za namna hiyo dhidi ya bakteria huyu.

Umahususi huo ulikuwa na gharama. Kipimo cha Elisa kilichoenea Amerika Kaskazini hutambua ute unaotolewa na bakteria, si seli yenyewe. Hivyo aina zisizo na ute huweza kukipita. Kipimo cha kingamwili zing'aazo huzinasa, ila hutegemea jicho lililozoea darubini, na seli mfu huhesabiwa sawa na hai.

Kwa Ulaya, maelekezo ya mwaka 1993 yalizifanya kingamwili kuwa mchujo, si hukumu. Dondoo la sampuli, kwa kawaida ya viazi 200, lilipochanya lilipandikizwa katika miche ya bilinganya na kusubiriwa wiki kadhaa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyosifiwa. Tuchukulie shehena 10,000, zenye ugonjwa zikiwa 10: kipimo kinachokosea mara 1 tu katika 100 kitashutumu karibu shehena 100 zisizo na hatia. Marekebisho ya mwaka 2006 yaliongeza kipimo cha jeni kando ya kingamwili, bilinganya ikabaki.