Hofu ya kuanguka: kwa nini mzee asiachwe akae tu

Mzee akianguka mara moja, watu wa nyumbani humwambia: “Bibi, wewe kaa tu, kila kitu tutakufanyia.” Ni maneno ya upendo, lakini yanaweza kumdhuru.

Mzee aliyeanguka, hata kama hakuumia, mara nyingi huingiwa na hofu. Huacha kwenda shambani, kwenye ibada, hata kwa jirani. Asipotembea, misuli ya miguu hulegea na mwili hupoteza uwezo wa kujisawazisha. Hapo huanguka kwa urahisi zaidi. Yaani hofu yenyewe huleta kile anachokiogopa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio huathirika zaidi. Linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki.

Anzeni na haya, mtu mwingine akiwa karibu:

- Kusimama na kukaa: atumie kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Asimame polepole, akae polepole, mara 5. Mwanzoni anaweza kujisukuma kwa mikono.
- Visigino: ashike meza nzito, ainue visigino na kuvishusha, mara 10.
- Mguu mmoja: akiwa bado ameshika meza, ainue mguu mmoja kidogo, ahesabu hadi 10, kisha abadilishe.
- Kutembea: aanze na mwendo mfupi, aongeze kidogo kidogo kila wiki.

Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, aache mara moja na apelekwe kituo cha afya. Anayeanguka mara kwa mara naye akapimwe. Baadhi ya dawa za presha na za usingizi huchangia kuanguka, lakini asiziache bila kushauriwa na mhudumu wa afya.

Nyumbani, ondoeni vitu kwenye njia ya chooni, wekeni tochi karibu na kitanda, na kandambili zilizolegea zibadilishwe. Mkongojo si aibu.

Mzee akisema anaogopa, msimcheke wala msimlazimishe. Mshikeni mkono, tembeeni naye hatua chache leo, na kesho muongeze.