Tone Ambalo Fundi Halizibi

Kwenye banda la pampu la kijiji kimoja nje ya Dodoma nilimkuta mwendesha mashine amechuchumaa, anahesabu matone. Injini ya Lister inanguruma, mkanda unazunguka, na pale shafti inapoingia kwenye kichwa cha pampu maji yanadondoka: tone, kimya, tone. Nikamwambia pampu inavuja.

"Ikikauka, mwanangu, ndiyo imeharibika," akanijibu, na spana yake akaiacha chini.

Shafti inayozunguka haizibiki kama chupa. Ukiibana sana inasuguana, inapata moto na kulika. Ukiilegeza, maji yanapita. Mafundi wa enzi za mvuke walitafuta njia ya kati: kamba ya kitani au ya pamba iliyoloweshwa mafuta ya mnyama, ikazungushwa kwenye shafti mara kadhaa, kisha ikakandamizwa kwa nati. Hiyo ndiyo pakingi, na lile tone ndilo linaloipoza. Siku hizi kamba imebadilika, kanuni ni ileile.

Shafti kubwa kuliko hiyo ziliwahi kupita Dodoma kwa reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walipeleka meli ya Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Bodi, boila, injini na shafti za rafadha zake mbili, vyote vilipanda nyanda hizi kavu kuelekea Ziwa Tanganyika. Julai 1916, vita vilipowalazimisha kukimbia, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wahandisi wake wakazipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya kukaa majini, na kinga yenyewe ni grisi! Mahali palipojaa mafuta, maji hayapati pa kukaa.

Mzee wa banda lile anatumia pampu ya Mono, uvumbuzi wa Mfaransa René Moineau wa mwaka 1930: msokoto wa chuma unaozunguka ndani ya ala ya mpira chini kabisa ya kisima. Injini inabaki juu, pakavu, na kinachoshuka ni vyuma virefu vya kuuzungusha. Ubaya wake ni kwamba kisima kikiwa kirefu, vyuma navyo vinarefuka.

Aliyethubutu kuitumbukiza mota yenyewe ni Armais Arutunoff, mhandisi aliyezaliwa Tiflis mwaka 1893 na baadaye kuhamia Marekani, Oklahoma, kwenye visima vya mafuta. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Hakuna sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti, itakayoshindana na hilo peke yake kwa miaka. Basi mota aliijaza mafuta, na mafuta yakawa na mgandamizo uleule wa nje. Pande mbili zikilingana nguvu, sili haina vita kubwa ya kupigana. Mota nyingi za visima vya maji leo hujazwa maji safi kwa sababu hiyohiyo. Visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, vinategemea mota za kutumbukiza, na sehemu kubwa ya mji wa Dodoma hupata maji humo.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha vijana. Mwaka 1997 Harry Bohm na Vickie Jensen walitoa kitabu cha kujiundia roboti ya chini ya maji, na chuo cha MIT kikakiendeleza kuwa mradi wa shule uitwao SeaPerch. Mota ndogo huviringishwa utepe wa umeme, ikawekwa ndani ya kikopo mfano wa kile cha filamu ya kamera, kikopo kikajazwa nta laini, na kitako chake kikatobolewa tundu la shafti. Shafti ikianza kuzunguka hujichongea njia yake ndani ya nta, na nta inabaki imeikumbatia pande zote. Nta ikilika, vijana wanaweza kufungua kikopo, kujaza nyingine na kurudi majini.