Dawa Isiyokuwako Kabla ya Adui

Wataalamu wengi wa zamani walidhani kwamba mmea usiougua huokolewa na ganda gumu, au na sumu iliyokuwamo ndani yake tangu kuota. Katika mwaka wa 1940, Karl Otto Müller na Hermann Börger wa Ujerumani walitoa shauri jingine. Walikata kiazi mbatata, wakapaka mahali palipokatwa aina ya Phytophthora infestans isiyoweza kukishinda. (Kiumbe huyu, aliyeleta njaa ya Ireland tangu mwaka wa 1845, siku hizi hahesabiwi kuwa kuvu ya kweli, ingawa mwenendo wake ni wa kuvu.) Baadaye wakaweka mahali palepale aina kali, ambayo kwa kawaida hukiozesha kiazi hicho. Aina kali haikufaulu. Wakasema kwamba kiazi kilikuwa kimejitengenezea dawa baada ya kuguswa. Nao wakaiita, kwa maneno ya Kiyunani, fitoaleksini, yaani kinga ya mmea.

Hoja hiyo ilikuwa ya ujasiri, maana dawa yenyewe hakuna aliyepata kuiona. Deni hilo lilikaa miaka ishirini. Müller alipokuwa Australia alitumia njia nyepesi kabisa: alipasua maganda ya maharage, akaondoa mbegu, akatia katika vishimo vilivyobaki matone ya maji yenye vijimbegu vya kuvu, kisha akayakusanya matone na kuyachunguza. Kwa njia hiyohiyo Cruickshank na Perrin, huko Canberra, walipata pisatini safi kutoka katika maganda ya njegere mwaka wa 1960. Deni likalipwa.

Lakini ilionekana upesi kwamba hata chumvi za shaba na za zebaki, zisizo na uhai wala uadui, ziliweza kuifanya njegere itoe pisatini. Je, mmea humtambua adui, au hulia tu kwa kuumizwa? Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa swali kubwa, na pisatini ilikuwa kizingiti chake.

Katika mwaka wa 1968, Cruickshank na Perrin walitoa katika kuvu ya matunda ya pichi protini ndogo iliyoamsha dawa ya maharage kwa kiasi kidogo mno. Vitu vya namna hiyo viliitwa vichochezi katika miaka ya 1970. Mwaka wa 1984 kundi la Albersheim, huko Marekani, lilionyesha kwamba kipande cha sukari saba kutoka katika ukuta wa adui wa soya huamsha dawa ya soya. Vipande vingine vyenye sukari saba vilevile, ila zimeungwa kwa mpango tofauti, havikufaa kitu. Jeraha halihesabu viungo vya sukari. Aliyehesabu ni mmea.

Mlango wa kupokelea habari ulipatikana baadaye. Mwaka wa 2006 Wajapani walieleza protini iliyo juu ya utando wa seli za mpunga, ambayo hushika vipande vya kitini, kitu cha ukuta wa kuvu. Kitini kikishikwa, kalsiamu huingia katika seli, protini huwashana moja baada ya nyingine, na jeni za dawa huamka.

Hata hivyo, waliotia shaka hawakukosea kabisa. Mwaka wa 1981 ilikwisha onekana kwamba vipande vya ukuta wa mmea wenyewe, ukivunjwa, huamsha dawa ileile.